Mkoba wa Ramani za Wamisionari: Chapa Nzuri, Maelezo Yenye Pengo

Mkoba huu wa nakala za ramani, unaouzwa na mchapaji mmoja mdogo anayechapa upya nyaraka za zamani, una karatasi tatu kubwa, bango moja la plastiki inayopenyeza mwanga, na kijitabu cha maelezo kilichoandikwa kwa Kiswahili. Karatasi ya kwanza ni ramani ya Jakob Erhardt na Johannes Rebmann iliyotolewa mjini Gotha mwaka 1856. Ya pili ni ramani ya njia za misafara inayoambatana na makala ya mmisionari Thomas Wakefield ya mwaka 1870. Ya tatu ni sehemu ya ramani kubwa ya Afrika Mashariki iliyotungwa na Ernst Georg Ravenstein na kukamilika mwaka 1883. Bango la plastiki limechorwa mistari ya mipaka iliyokubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 na 1890, nalo hulazwa juu ya karatasi ya tatu ili mtazamaji aone mpaka ulipita wapi. Bei yake ni shilingi 180,000. Niliununua kwa ajili ya kufundishia historia katika shule ya sekondari hapa Tanga, na nitaupima kwa mambo mawili: ubora wa chapa yenyewe, na ukweli wa maelezo yanayowaambia wanafunzi namna kazi ya wamisionari ya kuchora ramani ilivyohusiana na utawala wa kikoloni.

Uchapaji unastahili sifa. Karatasi ni nzito na haing'ai, kwa hiyo mwanga wa dirishani haurudi machoni mwa anayesoma, na wino umeshika vizuri hata kwenye mistari myembamba ya vilima na mito. Ramani ya 1856 imekuzwa kupita ukubwa wake wa asili, jambo linalowafaa wanafunzi wanaokaa nyuma, ingawa herufi ndogo zaidi zimepoteza ukali wake kidogo. Karatasi zimekunjwa badala ya kuviringishwa, na alama za mikunjo hazitoki hata zikilazwa chini ya vitabu. Bango la plastiki halikai sawasawa juu ya karatasi ya tatu. Ukilinganisha pwani, Ziwa Jipe linasogea kidogo, na ukilinganisha Ziwa Jipe, pwani ndiyo inayosogea. Kwa darasa kasoro hiyo inavumilika.

Thamani kubwa ya mkoba imo katika ramani ya 1856. Katikati yake yametandazwa maji makubwa mno yanayoanzia karibu na ikweta na kujipinda kuelekea kusini hadi karibu na latitudo ya 13, yakiitwa Bahari ya Uniamesi, yaani bahari ya Unyamwezi. Wasomi wa London waliyafananisha na koa, na mpaka leo vitabu vingi huitaja ramani hii kwa mzaha huo. Kijitabu nacho kimefuata mkondo huo: kinaitaja kama kituko cha watu wa dini waliochora wasichokijua. Hukumu hiyo ni nyepesi mno, na kwa mwalimu wa Tanga ni hasara, kwa sababu sehemu kubwa ya maarifa yaliyomo katika ramani hiyo yalikusanywa katika mji huu huu.

Erhardt alifika pwani mwaka 1849 na kuungana na Johann Ludwig Krapf na Rebmann katika misheni ya Rabai, karibu na Mombasa. Mwaka 1853 alikwenda Vuga kwa mfalme wa Usambaa, Kimweri ye Nyumbai, na mwaka uliofuata alikaa Tanga kwa miezi kadhaa. Wakati ule Tanga ilikuwa mlango wa misafara ya pembe za ndovu iliyokwenda Umasaini na mbele zaidi, hivyo mtu aliyetaka kujua habari za bara hakuwa na haja ya kwenda mbali: aliweza kukaa barazani na kuwauliza wafanyabiashara, wapagazi, na watu wa bara waliokuwa wameletwa pwani utumwani. Alilolisikia ni kwamba kila njia ya kwenda magharibi huishia majini. Waliotoka upande wa Kilwa walifika kwenye maji, waliopita Unyamwezi hadi Ujiji walifika kwenye maji, na waliopita njia ya kaskazini nao walifika kwenye maji. Huko Rabai, Rebmann alikuwa na Salimini, mtumwa aliyetoka upande wa Ziwa Nyasa, ambaye ndiye aliyemfundisha lugha ya Kinyanja hata akaweza kutunga kamusi yake, naye pia alimweleza habari za maji makubwa ya kwao.

Watoa habari hao wote walisema kweli. Wa Kilwa alikuwa akizungumzia Nyasa, wa Ujiji akizungumzia Tanganyika, na wa kaskazini akizungumzia Nyanza, ambayo leo ramani zetu huiita Victoria. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amezunguka maziwa yote matatu, kwa sababu biashara haikumtaka azunguke. Ilimtaka afike na kurudi. Kosa lilikuwa la mwenye kalamu, ambaye alikuwa na idadi ya siku za mwendo badala ya vipimo vya nyota, akazigeuza siku kuwa umbali, kisha akaunganisha miisho mitatu ya njia kuwa pwani moja. Ukiliondoa kosa hilo la kuunganisha, kinachobaki ni hazina ya majina ya vituo, mito na jamii, pamoja na njia za misafara ambazo kichwa cha ramani yenyewe kinazitaja wazi. Kijitabu kilipaswa kuwaeleza wanafunzi hayo kabla ya kuwaalika wacheke.

Kilipaswa pia kueleza ramani ilisafiri vipi, kwa maana uhusiano wake na dola umo katika safari hiyo kuliko katika nia ya waliochora. Ilitokea kwanza mwaka 1855 katika gazeti la misheni la Calw, huko Württemberg, ambalo wasomaji wake walikuwa waumini waliochangia fedha na sala. Kwao, ramani ilionyesha mahali ambapo Injili haijafika. Mwaka 1856 August Petermann aliichapa katika jarida lake la jiografia mjini Gotha, na mwaka huo huo ilijadiliwa London mbele ya Shirika la Kifalme la Jiografia. Hapo ilitoka mikononi mwa waumini na kuingia mikononi mwa watu waliokuwa na njia ya kufika serikalini. Mjadala wa bahari ile ulichangia kutumwa kwa Richard Burton na John Hanning Speke, ambao msafara wao ulipata pauni 1,000 kutoka Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza. Burton alimtembelea Rebmann karibu na Mombasa mwanzoni mwa 1857. Mwezi Februari 1858 yeye na Speke walifika Ujiji kwa njia ya misafara iliyokuwa ikitumika kwa miaka mingi, na Agosti mwaka huo Speke alisimama kusini mwa Nyanza na kuipa jina la malkia wake.

Kuna jambo hapa linaloniuma kila ninapolifundisha. Rebmann, akiongozwa na Bwana Kheri, aliiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na Krapf aliuona Mlima Kenya kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849, baada ya kupata habari zake kwa Kivoi, mkuu wa Wakamba. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, aliikana theluji hiyo kwa miaka mingi. Ilikubalika zaidi baada ya Karl Klaus von der Decken kupanda sehemu ya mlima mwaka 1861 na 1862 akiwa na vipimo. Ushahidi wa mmisionari ulidharauliwa kwa sehemu kwa sababu uliegemea maneno ya Waafrika, na bado maneno hayo hayo ndiyo yaliyoelekeza kila msafara wa wanasayansi uliofuata. Kijitabu kinaisimulia habari ya Cooley vizuri, lakini Bwana Kheri hakutajwa hata mara moja. Ameingizwa ndani ya neno “wenyeji” pamoja na wengine wote.

Pengo hilo linazidi kuwa kubwa tunapofika kwenye karatasi ya pili. Thomas Wakefield alikuwa mmisionari wa Kimethodisti huko Ribe, nyuma ya Mombasa. Makala yake ya 1870, iliyotolewa katika jarida la Shirika la Kifalme la Jiografia, inaorodhesha njia za misafara kutoka pwani hadi bara, kituo baada ya kituo, pamoja na siku za mwendo, mahali penye maji, na watu ambao msafiri atakutana nao. Kichwa chenyewe cha makala kinatangaza kwamba habari hizo zilitolewa hasa na Sadi bin Ahedi, mtu wa upande wa Gazi katika nchi ya Wadigo. Ni nadra sana kwa karne ile kumkuta mjuzi wa pwani ametajwa kwa jina kwenye kichwa cha maandishi ya kisayansi ya Ulaya. Mchapaji wetu, mwaka huu, akiwaandikia Waswahili kwa Kiswahili, amelifuta jina ambalo Mwingereza wa 1870 aliliandika. Sidhani alifanya hivyo kwa makusudi, lakini kosa hili ndilo zito kuliko yote yaliyomo kwenye mkoba.

Sadi alikuwa zaidi ya mtoa habari. Ndiye aliyemwongoza Charles New, mmisionari mwenzake Wakefield, katika safari ya 1871 ambayo New alifika kwenye theluji ya Kilimanjaro, na Joseph Thomson alimchukua alipojiandaa kupita Umasaini mwaka 1883. Katika maisha ya mtu mmoja tunaona maarifa ya njia za pembe yakienda kwa misheni, kutoka misheni yakienda kwenye jarida la London, na kutoka hapo yakirudi Afrika mkononi mwa mpelelezi wa kijiografia, akisindikizwa na yule yule aliyeyatoa mwanzo. Ningependa mwanafunzi aliyesoma kijitabu hiki atoke akijua hivyo, kwa kuwa bila hayo ataamini kwamba ramani ya Afrika Mashariki ilianzia Ulaya.

Karatasi ya tatu ndiyo inayofanya mkoba uwe na maana kama seti. Ravenstein, aliyekuwa mzaliwa wa Frankfurt, alifanya kazi kwa takriban miaka 20 katika idara ya ramani ya Wizara ya Vita ya Uingereza, na alipokuwa bado mtumishi wa idara hiyo alichora ramani ya kitabu cha safari cha Krapf kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1860. Baadaye Shirika la Kifalme la Jiografia lilimpa kazi ya kutunga ramani ya nchi za ikweta za mashariki, ambayo ilitoka ikiwa na karatasi 25 kwa kipimo cha 1:1,000,000. Hakuitunga kwa kutembea. Aliketi London akilinganisha shajara, barua na michoro ya wasafiri, na wengi wa wasafiri hao walikuwa watu wa misheni. Mchapaji amechagua vizuri: kipande alichokitoa kinaanzia pwani ya Tanga na Mombasa hadi Kilimanjaro, na mwanafunzi anaweza kuweka kidole kwenye njia ya Sadi katika karatasi ya pili na kuifuata katika ya tatu.

Ukilaza plastiki juu yake, mstari wa 1886 unaanzia kwenye mlango wa mto Umba, unakwenda hadi Ziwa Jipe, unapita kaskazini ya Kilimanjaro, kisha unanyooka hadi mahali ambapo latitudo ya digrii 1 kusini inakutana na upande wa mashariki wa Nyanza. Mstari huo uliwagawa Wadigo, ukaiweka Taveta upande wa Waingereza na Wachaga upande wa Wajerumani, na ukapita katikati ya malisho ya Wamasai. Uliwezekana kwa sababu palikuwa na karatasi ya kuuchorea. Wanadiplomasia wa Berlin na London hawakuhitaji kuifahamu nchi. Walihitaji mto wenye jina, ziwa lenye mahali pake, na mlima unaotambulika na pande zote mbili. Majina hayo yalikuwa yameletwa na misafara, yakaandikwa na wamisionari, na kusafishwa na wachora ramani hadi siku za mwendo, visima na majina ya viongozi wa misafara vikatoweka na kubaki mchoro uliokuwa tayari kupigiwa rula. Zoezi la plastiki linalionyesha hilo kwa nguvu ambayo maneno yangu darasani hayajawahi kuwa nayo, na kwa sababu hiyo pekee ningeununua mkoba huu tena.

Basi, je, wamisionari walikuwa wapelelezi wa ukoloni? Kijitabu kinajibu kwamba ndiyo, wote, tangu mwanzo, na hapo sikubaliani nacho. Mwaka 1856 dola ya Ujerumani ilikuwa bado haijaundwa. Krapf, Rebmann na Erhardt walikuwa watu wa Württemberg waliolipwa na chama cha misheni cha Kiingereza na kuishi kwenye pwani ya Sayyid Said kwa ruhusa yake. Krapf aliota mnyororo wa vituo vya misheni kuvuka Afrika kutoka Mombasa hadi bahari ya magharibi, lakini katika kitabu chake aliwaonya wasomaji waondoe wazo kwamba kazi ya Injili Afrika Mashariki lazima ifunikwe na mbawa za dola ya Ulaya. Mtu anaweza kumlaumu kwa mengi, ikiwa ni pamoja na hukumu kali alizoziandika kuhusu Waislamu na watu wa pwani, bila kumbebesha nia ambayo aliikataa kwa maandishi.

Hali ilikuwa tofauti kwa David Livingstone, aliyeacha Chama cha Misheni cha London mwaka 1857, na mwaka uliofuata akarudi Zambezi akiwa konseli wa Uingereza, akiongoza msafara uliolipiwa na serikali. Ilikuwa tofauti zaidi kwa George Grenfell, Mbaptisti aliyepima matawi ya mto Kongo kwa meli ya misheni iitwayo Peace kati ya 1884 na 1886. Alipewa nishani na Shirika la Kifalme la Jiografia mwaka 1887, na kuanzia 1891 akamtumikia Mfalme Leopold II kama kamishna wa kuweka mpaka wa Lunda kati ya Dola Huru ya Kongo na Angola ya Wareno. Hapo mmisionari mwenyewe ndiye aliyeshika kamba ya mpaka. Na mwaka huo huo wa 1891, kampuni ya Waingereza ilipotaka kuondoka Uganda kwa kukosa fedha, marafiki wa Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza walichanga pesa ili ibaki. Kati ya Erhardt barazani Tanga na Grenfell kwenye mpaka wa Lunda kuna zaidi ya miaka 35 na mabadiliko makubwa, na mwanafunzi anayefundishwa kwamba watu hao wawili ni kitu kimoja hatajua mabadiliko hayo yalitokea lini wala kwa nini.

Kuna jambo lingine ambalo kijitabu kimeligusa kwa aya moja tu, nalo lilistahili kurasa kadhaa. Kichwa cha ramani ya 1856 kinaahidi kuonyesha mipaka na makazi ya mataifa mbalimbali ya bara. Tazama namna ahadi hiyo ilivyotimizwa: jina la kila jamii limetandazwa juu ya eneo lake kana kwamba kila nchi ina watu wa aina moja na kila watu wana nchi moja. Lakini Erhardt mwenyewe alikuwa ameketi Vuga, ambako Kimweri alitawala Wasambaa pamoja na Wabondei na wengine, na katika mji wa Tanga ambako Mdigo, Msegeju, Mshirazi na Mwarabu walikaa mtaa mmoja. Ramani haikuwa na namna ya kuandika utii unaoingiliana, ndoa za pande mbili, wala mji wa watu mchanganyiko. Maofisa wa kikoloni waliokuja baadaye walizichukua herufi zile kama uthibitisho kwamba kila kabila lina eneo lake, na katika mambo yote yaliyotoka kwenye ramani za misheni, ninaliona hili kuwa lililodumu kuliko hata mistari ya mipaka.

Makosa madogo yapo. Kijitabu kinarudia hadithi kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake wa Kijerumani Mlima Kilimanjaro, na kwamba ndiyo sababu mpaka umepinda. Hadithi hiyo haina msingi: mpindo ule umetokana na makubaliano ya 1886, yaliyofuata madai ya mikataba ya pande zote mbili katika eneo la mlima, na Wilhelm II hakuwa amekalia kiti cha enzi hadi 1888. Pia majina ya ramani ya kwanza hayakuwekewa jedwali la kuyaoanisha na tahajia ya leo, jambo linalomlazimu mwalimu kulitengeneza mwenyewe. Kwa upande mwingine, Kiswahili cha kijitabu ni safi, hakina tafsiri za kulazimisha, na maelezo ya kipimo, longitudo na latitudo yanaeleweka hata kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza.

Shule zinazofundisha historia ya Afrika Mashariki zinunue mkoba huu, hasa zilizo kwenye mstari wa Tanga, Moshi, Taveta na Mombasa, ambako wanafunzi wataona majina ya kwao. Mchapaji anauza pia karatasi moja moja. Asiyeweza kumudu seti nzima achukue ya pili na ya tatu pamoja na plastiki, kisha asome mwenyewe habari za Sadi bin Ahedi na kuwasimulia wanafunzi, kwa sababu kijitabu hakitamsaidia hapo. Nimemwandikia mchapaji kumwomba katika toleo lijalo aweke majina ya Bwana Kheri, Kivoi, Salimini na Sadi pembeni mwa ramani, kwa herufi zenye ukubwa ule ule wa majina ya wamisionari, na amejibu kwamba atalifikiria.